Furaha iko ndani yako. Na mshahara uko wapi?

Hii nimeikalia karibu miezi miwili, kwanza kwa sababu inaniaibisha, pili kwa sababu kuna mtu ilibidi nimwombe ruhusa. Amekubali. Amesema nisitaje jina lake wala mtaa, mengine niyaseme tu vile yalivyokuwa.

Wengi wenu mlinijua kupitia ile video ya mwaka jana. Sekunde 58. Nimesimama juu kabisa ya ploti yetu hapa Pipeline, mahali pekee ambapo jua hufika, nyuma yangu kuna matangi ya maji na nguo za watu, na mimi naongea kama mzee aliyeishi miaka 90. Nasema hakuna mtu anayeweza kukuumiza bila ruhusa yako. Mdosi wako si shida. Kukosa pesa si shida. Shida ni vile unaviangalia hivyo vitu. Uhuru na furaha viko ndani yako, hakuna wa kukunyang'anya. Nikamtaja Epictetus, mwanafalsafa aliyekuwa mtumwa, nikaweka piano chini ya sauti, nikarusha. Ikapaa. Sijawahi kupata watazamaji kama wale kabla wala baada ya hapo.

Kitu hamkuona ni kwamba simu niliyorekodia nilikuwa nimeizima mtandao, kwa sababu programu mbili za mikopo zilikuwa zinanisaka tangu asubuhi. Ile taa ya duara inayonifanya nionekane nimelala vizuri niliinunua kwa deni. Kodi nilikuwa nyuma mwezi mmoja na nusu. Yaani huyu jamaa anayewaambia hakuna cha kumtikisa alipanda zile ngazi akinyata, viatu mkononi, keateka asimsikie.

Lakini hiyo ni aibu ndogo. Subiri.

Miezi kadhaa baadaye, saa sita kasoro usiku, naingiwa na meseji. Naiandika hapa kwa ruhusa yake: "Sasa kaka. Nataka tu kukushukuru. Nilikuwa nimepanga kutoka hii nyumba, nikaona video yako nikajua shida ni mimi. Nikakaa. Ni miezi mitano sasa sijalipwa lakini nimejifunza kutulia. Ubarikiwe sana."

Nitawaambia ukweli, nilifurahi. Nikaipiga picha. Nilikuwa karibu kuiweka kwenye stori na moyo mwekundu, "hii ndiyo sababu mimi hufanya hii kazi." Kidole kilikuwa kwenye kitufe. Ndipo nikasoma tena hapo katikati. Miezi mitano.

Nikamwandikia. Ana miaka 22, ametoka upande wa Magharibi, anafanya kazi ya nyumba hapa Nairobi. (Kuna jina ambalo sisi hupenda kuwaita hawa madada tukiwa na wenzetu. Silitumii tena, na ukiliandika chini ya hii nitalifuta.) Aliahidiwa 9,000 kwa mwezi. Miezi miwili ya kwanza ililipwa vizuri, kupitia M-Pesa. Wa tatu akaambiwa biashara ni mbaya, asubiri. Kisha chupa ya chai ikavunjika, ikakatwa kwa mshahara ambao hata haujatoka. Anaamka saa kumi na nusu alfajiri. Funguo za geti anashika mama wa nyumba. Simu yake inakaa chumbani kwa huyo mama mchana kutwa, anarudishiwa usiku akishaosha vyombo vya mwisho. Na kile kidogo cha muda wake, kati ya vyombo na usingizi, alikuwa anakitumia kunisikiliza mimi nikimwambia shida ni vile anaangalia mambo.

Sikulala. Kesho yake nikamtafuta Epictetus mwenyewe, kwa sababu kusema kweli sikuwa nimewahi kumsoma. Nilikuwa nimesoma picha zenye maneno yake, nyingi zikiwa na simba.

Alizaliwa karibu mwaka 50 baada ya Kristo, Hierapolis, ambayo leo iko Uturuki. Hata jina lake ni kama risiti: kwa Kigiriki lina maana ya aliyepatikana, kitu kilichoongezwa kwenye mali ya mtu. Tajiri wake, Epaphroditus, naye aliwahi kuwa mtumwa kabla ya kuachiliwa na kupanda cheo kwa mfalme Nero kule Roma. Epictetus alikuwa kiwete. Wengine wa zamani waliandika kwamba ni ugonjwa wa viungo. Lakini hadithi ambayo watu hupenda ni ile nyingine: tajiri wake alikuwa anausokota mguu wake, yeye akamwambia kwa utulivu kabisa kwamba utavunjika. Ukavunjika. Akasema, si nilikuambia.

Hiyo hadithi niliwahi kuipenda sana. Nilitaka kuifanyia video ya pili.

Falsafa yenyewe, ukiiondoa simba na piano, si ya mchezo. Anasema vitu viko vya aina mbili. Viko vilivyo chini ya uwezo wetu: maamuzi yetu, tunachotaka, tunachokataa. Na viko ambavyo si vyetu: mwili, mali, cheo, vile watu wanatuongelea. Mtu anakuwa mtumwa siku anapoweka moyo wake kwenye hizo za pili, kwa sababu yeyote anayezishika amemshika yeye. Ukiweka moyo kwenye zile za kwanza, hata mfalme hana la kukufanya. Na mimi najua inafanya kazi, kwa kiasi. Ile aibu ya kudaiwa ilipungua nilipokubali kwamba siwezi kuongoza vile watu wananiona. Nikapokea simu, nikapanga kulipa kidogo kidogo.

Hapo pia kuna kitu nilikuwa nakificha. Hofu yangu kubwa haikuwa deni lenyewe, ilikuwa wampigie mathe wangu, kama walivyokuwa wakifanyia watu miaka ile ya mwanzo. Hiyo hofu haikuondolewa na Epictetus. Tangu 2022 kuna kanuni za Benki Kuu zinazowakataza wakopeshaji wa simu kuchukua namba za watu wako na kuwasumbua kwa deni lako. Nilipojua hivyo nililala kama mtoto. Utulivu wangu wa ndani ulikuwa umeletwa na karatasi ya serikali, na sikuwa nimeona.

Turudi kwa dada. Alikuwa anaruhusiwa kwenda kanisa Jumapili mbili kwa mwezi, na Jumapili moja akanipigia akiwa njiani. Nikamweleza yote haya, ya mtumwa na mguu na vitu vya aina mbili. Nadhani nilikuwa nataka anisamehe. Alinisikiliza hadi mwisho, magari yanapita, kisha akauliza:

"Sasa huyo mzee alifundisha hayo akiwa bado mtumwa, ama akiwa ameachiliwa?"

Wasee. Nina watu wanaonifuata ambao wana digrii, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza hivyo.

Jibu ni: akiwa ameachiliwa. Alianza kusoma falsafa akiwa mtumwa, ndiyo, chini ya mwalimu anaitwa Musonius Rufus. Lakini maneno tunayoyajua ni ya miaka ya baadaye sana, baada ya mfalme Domitian kuwafukuza wanafalsafa Roma naye akahamia Nicopolis, Ugiriki, akafungua shule. Yeye mwenyewe hakuandika kitabu. Aliyeandika ni mwanafunzi wake Arrian, ambaye baadaye alikuja kuwa gavana. Hao ndio walikuwa kwenye benchi: vijana wa familia zenye uwezo, wanaojiandaa kwa vyeo. Kumwambia mtoto kama huyo kwamba cheo na mali havitampa uhuru ni dawa kabisa. Mimi nilichukua dawa ya mtoto wa gavana nikampa mtu ambaye amefungiwa geti.

Ili niwe mkweli kwa mzee, alilifikiria hilo. Kuna mahali anaeleza mtumwa anayeomba usiku na mchana aachiliwe, akidhani siku hiyo ndiyo furaha itaanza. Anaachiliwa, anajikuta hana pa kula, anaanza kujipendekeza kwa matajiri, anapenda mtu anayemtesa, mwisho anatamani kurudi utumwani alikokuwa anavishwa na kulishwa. Nikamwambia dada hilo pia. Akacheka. Akasema huyo aliyeandika asubiri kwanza ashikiwe simu.

Baada ya hapo nilisoma kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka chini ya kitanda. Mtu aliyenipiga sana ni Isaiah Berlin. Alizaliwa Riga mwaka 1909, akaona mapinduzi ya Urusi akiwa mtoto, akaishia kufundisha Oxford, na mwaka 1958 akatoa hotuba maarufu kuhusu aina mbili za uhuru. Mle ndani anawashughulikia watu kama Epictetus, na cha kushangaza anatumia mguu. Anasema nikiwa na kidonda mguuni, ziko njia mbili za kuachana na maumivu. Naweza kukitibu kidonda. Ama, kama tiba ni ngumu, naweza kuukata mguu. Ukijizoeza kutotaka kitu chochote ambacho umenyimwa, ni kweli hutaumia. Lakini hujawa huru zaidi, umekuwa mfupi zaidi. (Hiyo ya ufupi ni yangu, msimlaumu Berlin.) Hoja yake inayokata ni hii: kama uhuru ni kutotaka ulichonyimwa, basi tajiri mbaya anaweza "kuniweka huru" kwa kunizoesha nisitake kitu. Asinifungulie geti. Anizoeshe tu geti.

Na mimi, bila kulipwa hata na huyo mama wa nyumba, nilikuwa nimefanya hiyo kazi.

Sasa usiniambie hizi ni fikra za wazungu. Hapa kwetu Chuo Kikuu cha Nairobi alikuwepo Henry Odera Oruka, aliyefariki 1995. Wengi wakimtaja humtaja kwa ile kazi yake ya kwenda vijijini kuhojiana na wazee wenye hekima, kuonyesha kwamba Mwafrika ambaye hajasoma anaweza kufikiri kwa kina na kukosoa mila zake mwenyewe. Lakini ana wazo lingine ambalo nalipenda zaidi, la kiwango cha chini cha ubinadamu. Anataja mambo matatu: usalama wa mwili, riziki na afya. Bila hayo, anasema, mtu hawezi hata kusimama kama mtu wa kuamua mema na mabaya. Kwa hivyo ni haki yake, si sadaka. Niliposoma hapo nilijiona. Mimi naweza kucheza na Epictetus kwa sababu nina mathe Nakuru. Nikifukuzwa hapa Pipeline kesho, keshokutwa nitakuwa nakula ugali kwake nikitukanwa. Falsafa yangu ilikuwa imekaa juu ya sahani ya mathe wakati wote. Dada alikuwa anaambiwa aruke bila sakafu.

Kuna msee atasema, lakini kuna watu wamefungwa kabisa na hiyo falsafa ikawaokoa. Ni kweli. James Stockdale, rubani wa Marekani, aliangushwa Vietnam mwaka 1965 akakaa gerezani zaidi ya miaka saba, akateswa, na aliyemshikilia ni huyo huyo Epictetus. Lakini soma yote aliyofanya mle. Aliongoza wafungwa wenzake, wakawasiliana kwa kugonga kuta, wakapanga vile watakavyokataa kutumiwa. Hakukaa akitabasamu. Na hakuna aliyekuwa na simu ya kumpigia mtu Nairobi.

Hata Epicurus, huyu ambaye kazi yake yote ilikuwa furaha, anayejulikana kwa kufundisha kwamba mtu anahitaji vichache tu, marafiki na akili iliyotulia, na ambaye shule yake ya bustani pale Athens iliwapokea wanawake na watumwa. Alipokufa mwaka 270 kabla ya Kristo aliacha wosia, na ndani ya wosia ametaja kwa majina watumwa wake wanaoachiliwa huru: Mys, Nicias, Lycon, na mwanamke anaitwa Phaedrium. Alijua kufundishwa furaha hakutoshi, kuna karatasi inahitajika. Ingawa mimi ningemuuliza kwa nini alingoja mpaka afe.

Sawa. Kusoma nimesoma, na dada bado yuko ndani. Niliogopa kusema chochote. Maneno yangu yalikuwa yameshamkosesha mara moja. Nikimwambia atoke leo na alale nje, nitakuwa nimemkosesha mara mbili. Nikampigia shangazi yangu wa Githurai, ambaye alifanya kazi za nyumba za watu miaka tisa kabla ya kufungua duka lake la mboga.

Shangazi aliniacha nikaeleza mpaka Berlin. Akauliza, "Na hiyo mnakula?" Kisha akaanza kuuliza maswali ya maana. Alilipwa kwa njia gani hiyo miezi miwili? M-Pesa? Meseji asifute. Aandike tarehe aliyoanza na kila mwezi uliopita, hata kwa kitabu cha mtoto. Je, ana kitambulisho mkononi ama pia kimeshikwa? Kilikuwa mkononi, shukrani kwa Mungu. Atalala wapi siku akitoka? Hapo nikanyamaza. Shangazi akasema, "Kuna godoro."

Kama unataka kujua kiwango cha chini cha ubinadamu cha Odera Oruka kinafanana na nini, ni godoro la futi tatu nyuma ya magunia ya viazi, Githurai.

Na kwa yeyote anayesoma hii akiwa kwenye hali hiyo, naandika polepole. Sheria ya Ajira ya 2007 inakuhusu hata kama hukuandikiana na mtu. Makubaliano ya mdomo ni mkataba. Mshahara wa mwezi unalipwa mwisho wa mwezi, si biashara ikikubali. Na tangu 2022 kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumba Nairobi kimepita shilingi elfu 15, kwa hivyo hata ile 9,000 yenyewe ilikuwa pungufu. Mahali pa kuanzia ni ofisi ya leba, na kuna chama cha wafanyakazi kinaitwa KUDHEIHA ambacho kinapokea wafanyakazi wa majumbani. Haya yote yalikuwepo siku ile nimesimama juu ya ploti nikisema shida ni vile unaviangalia vitu. Sekunde 58 zingetosha kuyataja.

Alitoka Jumapili, kama anaenda kanisa, na begi moja. Shangazi alimngoja steji. Alilala kwake wiki tatu. Walienda leba pamoja, mara nne, mimi nikiwa mtu wa kubeba maji. Barua ikaandikwa. Mama wa nyumba kwanza akasema hamjui, kisha akaonyeshwa meseji za M-Pesa akamkumbuka. Amelipa miezi mitatu kati ya mitano, kwa awamu mbili. Mingine bado wanavutana.

Hajaomoka, msidhani hii ni hadithi ya hivyo. Anapika kwenye kibanda cha chakula, 500 kwa siku, siku zingine mvua ikinyesha hakuna kazi. Amekodi chumba na msichana mwingine. Nilimuuliza kama sasa ana furaha, swali la kijinga la mtu wa maikrofoni, akasema siku nyingine ndiyo na siku nyingine anachoka tu. Ila anashika funguo yake. Alisema kitu kingine ambacho bado nakitafuna: usiku akiwa kule ndani, yale maneno ya kutotikiswa yalimsaidia kweli, asingeweza kufika asubuhi bila hayo. Hataki niseme yalikuwa uongo. Anasema yalikuwa ya usiku, na mimi niliyatoa kama ya siku nzima.

Nilimuuliza kama niifute ile video. Akakataa. "Usifute. Ongeza tu mwisho wake."

Nimeuongeza. Ni video ya pili, dakika moja na sekunde 40, haina piano, nimekaa kwenye ndoo ndani ya keja na ukuta uko na unyevu. Nimetaja leba, nimetaja godoro, nimemtaja Epictetus na miguu yote miwili. Ile ya kwanza, nikiandika hii, imefika watu elfu 64. Ya pili iko 1,100, na mmoja wao ni shangazi, ambaye amepiga simu kusema nimekonda.